Sola Nyuma ya Nyumba

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Mize alikaa barazani kushona kofia. Alitoboa, akashona, akatoboa tena, mpaka jua likazama na tundu la sindano likawa halionekani. Hapo aliingia ndani na kumuuliza mumewe swali lile lile la jana na juzi.

"Baba Moza, taa ipo leo?"

Mzee Pandu hakulipenda swali hilo, kwa sababu taa ilikuwa yake. Kijiji chao kiko nje kidogo ya Konde, kisiwani Pemba, na nguzo za umeme ziliishia njia kuu. Siku moja Mzee Pandu alikwenda bandari ya Mkoani kumpokea mgeni wa meli. Mgeni hakuja siku ile, lakini yeye hakurudi mikono mitupu. Mfanyabiashara mmoja pale bandarini alimuuzia paneli ya sola na betri ya gari iliyotumika. Mzee Pandu akauliza namna ya kuifunga. Akajibiwa kwamba aiweke juani tu, itawaka yenyewe.

Basi akaipakata paneli magotini ndani ya gari kutoka Mkoani mpaka Konde, kisiwa kizima, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alipofika akaipigilia juu ya paa la mbele, upande wa njia, ili kila apitaye aione. Betri akaiweka chini ya kitanda. Wiki ya kwanza watu walikuja kumpa hongera, na Bi Mize alichoka kupika chai.

Wiki ya pili mambo yalibadilika. Taa iliwaka magharibi, na kabla ya isha ilikuwa nyekundu kama jicho la mtu mwenye mafua. Kisha ilizima. Jirani yao Bi Mwanaasha, ambaye hakosi neno, alisema taa ya Mzee Pandu ina adabu sana, inalala mapema kuliko watoto wote wa mtaani.

Bi Mize akarudi kwenye koroboi. Moshi ulimuwasha macho na kofia nyeupe zilipata masizi. Mnunuzi wake wa Wete alizirudisha mbili. Bi Mize alihuzunika, maana zile kofia zilimchukua miezi miwili.

Mzee Pandu alimtafuta mkosaji. Hakujitazama yeye, wala hakuitazama betri chini ya kitanda. Alitazama juu, akauona mkarafuu.

Mkarafuu huo ulisimama mbele ya nyumba, upande wa mashariki. Matawi yake yalilala juu ya paa. Ulikuwa mti wa Bi Mize mwenyewe. Marehemu baba yake, Mzee Silima, alimpa siku alipoolewa, na wakati ule ulikuwa umefika kiunoni tu. Bi Mize aliumwagilia maji, akaupalilia, akaukuza. Kila msimu ulimpa karafuu zake mwenyewe, na karafuu hizo ndizo zilizomsomesha binti yake Moza. Tena kila alipokuwa na dhiki alikwenda kukaa chini yake. Hakumwambia mtu, lakini alijihisi yuko na baba yake.

"Mti ukiondoka taa itawaka," alisema Mzee Pandu. "Mie nshakwenda kwa sheha kuomba kibali cha serikali cha kuukata. Mjaka mwenye msumeno atakuja Ijumaa baada ya sala. Lakini mti wako, Mama Moza. Siukati mpaka weye useme ndio."

Bi Mize hakusema ndio, wala hakusema hapana. Mumewe hakukosea kitu kimoja: asubuhi paneli ilikuwa kivulini kweli. Na yeye mwenyewe aliitaka taa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Alimjibu kwamba atatoa jawabu siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Kisha akaenda jikoni akalia kidogo, akasingizia kitunguu.

Bi Mwanaasha ndiye aliyemshauri. Alimwambia kwamba nyumba ya kaka yake, kule Wawi, ina sola mwaka wa tatu sasa na haijazima hata siku moja. Aliyeifunga ni fundi wa kike, anaitwa Kazija. Huyo hauzi kitu kabla hajaja kuiona nyumba.

Mzee Pandu aliguna. Hakuona maana ya fundi kuja kuangalia tu na kuondoka. Lakini mkewe alimwomba mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hakumwekea sukari kwenye chai. Mzee Pandu akapiga simu.

Kazija alikuja Jumanne asubuhi kwa pikipiki. Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, kavaa baibui na viatu vigumu vya kazi, na mkoba wa zana mgongoni. Alibisha hodi, akawaamkia, akauliza hali za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Mzee Pandu alikuwa ameshamwekea tayari ngazi ya kuchumia karafuu. Kazija hakuipanda. Aliomba kiti, akatoa daftari.

"Kwanza niambieni mnataka kutumia vitu gani, na kila kimoja kwa saa ngapi," alisema. "Nikishajua hayo ndipo nitajua mnahitaji paneli ngapi na betri ya kiasi gani. Tukianza na paneli tutakuwa tumeanzia mwisho."

Mzee Pandu akataja taa nne, redio, kuchaji simu mbili, televisheni ndogo na feni. Bi Mize akaongeza pasi ya umeme. Kazija aliandika vyote, lakini pasi akaikata kwa mstari. Alieleza kwamba kitu chochote kinachotoa moto, kama pasi au birika la umeme, kinakula umeme mwingi mno kwa muda mfupi. Sola ya nyumba ndogo haiwezi kukilisha. Bi Mize akakubali kubaki na pasi yake ya mkaa.

Ndipo Kazija akaomba kuiona betri. Alipooneshwa chini ya kitanda aliinama, akaitazama pande zote.

"Mzee wangu, hapa si pahala pake," alisema kwa upole. "Betri hii inatoa hewa inayoweza kushika moto, nanyi mnalala juu yake. Betri hukaa pahala penye hewa na kivuli, pasipofikiwa na watoto, mbali na jiko. Tena hii ni ya gari. Imetengenezwa kuwashia injini mara moja, haikutengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ndiyo maana imechoka."

Alizifuata nyaya zilizoshuka kutoka paani, akaipima paneli kwa kifaa chake. Haikuwa mbovu, alisema, ila ni ndogo kwa kazi waliyoipa. Mzee Pandu alikuna kichwa. Alikumbuka namna alivyoipakata.

Sasa Kazija akapanda ngazi. Alizitikisa mbao za paa moja moja, akakagua mabati kama yana kutu. Mbao zilikuwa nzima. Halafu akasimama pale pale, akautazama mkarafuu. Bi Mize, aliyekuwa chini na sinia la chai, aliona jicho la fundi lilipokwenda.

Kazija alishuka. Alisema kwamba kivuli ni adui mkubwa wa sola. Hata tawi moja likifunika kona tu ya paneli, nguvu ya paneli nzima hushuka.

Mzee Pandu akamgeukia mkewe. "Umesikia, Mama Moza? Si mie tu."

"Nimesikia," alisema Bi Mize.

"Lakini Mzee, mimi sijasema mti ukatwe," Kazija aliendelea. "Mkarafuu ni mali. Nimesema paneli isikae kivulini. Basi ama mti uondoke, ama paneli iende pengine. Nataka pahala panapopata jua wazi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, mwaka mzima. Itanibidi nije siku nyingine, nikae kutwa nipime vivuli."

Bi Mize aliliweka sinia chini. Alikuwa mtu wa kunyamaza wageni wanaposema na mumewe, na Mzee Pandu alishangaa alipomsikia.

"Mwanangu, usijisumbue kupima," alisema. "Nifuate."

Aliwapitisha ubavuni mwa nyumba mpaka nyuma. Huko kulikuwa na sakafu ya saruji, pana, iliyofagiwa ikang'aa. Hapo ndipo Bi Mize alipoanika karafuu zake miaka thelathini. Mtu wa Pemba anayeanika karafuu hana haja ya kufundishwa jua linapita wapi. Karafuu zikipata jua kamili hukauka zikawa nyekundu nzuri, na zikikosa huvunda, na kazi ya msimu mzima inapotea.

"Hapa jua hufika watoto wanapoingia skuli," alieleza Bi Mize. "Haliondoki mpaka inaadhiniwa alasiri na zaidi. Mkarafuu wangu haufiki huku, nyumba inauzuia. Na paa la nyuma liko juu ya sakafu hii hii. Jua inalopata sakafu, na paa linalipata."

Kazija alitoa dira mfukoni. Paa la nyuma liliinama kuelekea kaskazini, ambako ndiko kibla. Uso wake ulichangamka. Alisema kwamba kwa kisiwa chetu, paneli inayoinama kidogo kuelekea huko ndiyo inayopata jua zuri zaidi kwa mwaka mzima. Tena ule mwinamo unasaidia mvua kuosha vumbi.

Mzee Pandu aligeuka kutazama upande wa njia, akaona ukuta wa nyumba tu.

"Nyuma huku," alisema mwishowe, "nani ataiona?"

"Jua litaiona, Mzee," alijibu Kazija, "na hilo ndilo tunalolitaka."

Bi Mwanaasha, ambaye alikuwa amechungulia kutoka uani kwake tangu mwanzo, alicheka mpaka akashikilia ua. Mzee Pandu naye alicheka, ingawa alianza akiwa amechelewa kidogo.

Kazija akachukua chaki, akaweka alama ukutani chini ya paa, upande wa kushoto. Bi Mize akatikisa kichwa.

"Hapo sipo," alisema. "Miezi ya vuli ule mnazi wa Bi Mwanaasha unaleta kivuli pembe hiyo kila alasiri. Mie nishavundisha pishi mbili hapo. Sogea huku, hatua nne."

Kazija aliutazama mnazi, akaitazama dira, akapiga hesabu ya njia ya jua. Kisha akafuta alama yake kwa kiganja, akasogea hatua nne. Alimwambia Bi Mize kwamba yeye amesomea kazi hii mwaka mzima, lakini mnazi ule ungemponyoka.

Kabla ya kuondoka aliandika karatasi na kuwasomea pole pole. Ilitaja paneli mbili, betri moja ya sola, kisanduku cha kuilinda betri isijae kupita kiasi wala isiishe kabisa, na kifaa cha kugeuza umeme wa betri uweze kuwasha televisheni. Ilitaja bei yote, dhamana ya kila kitu, siku ya kazi, na kwamba fundi atarudi kukagua baada ya miezi mitatu. Aliwataka wasitie saini siku ile. Walale, wafikiri, wampigie simu. Aliwaambia fundi anayekuharakisha kutia saini, mwogope.

Walifikiri siku mbili. Akiba yao ya msimu uliopita ilitosha. Alhamisi walimpigia simu Kazija wakamwambia aje. Siku ya Ijumaa, Mjaka alipofika na msumeno wake begani, Mzee Pandu alimlaki njiani, akamkaribisha chai, akamwambia kazi haipo tena. Kibali alikuwa nacho mfukoni, kimepigwa muhuri. Hakujua akifanye nini, akakitia ndani ya msahafu wa zamani rafuni ili kisipotee.

Bi Mize alikwenda kukaa chini ya mkarafuu wake. Safari hii hakuwa na dhiki, alikuwa na furaha tupu.

Wiki iliyofuata Kazija alikuja na mwenzake, mwanamke mwingine aitwaye Tatu. Kazi ilichukua siku moja. Asubuhi waliishusha paneli ya zamani, wakaitoa betri ya chini ya kitanda, kisha wakafunga vyuma juu ya paa la nyuma, na vikashika kwenye mbao, si kwenye bati peke yake, ili upepo usiving'oe. Kila tundu walilotoboa walilitia mpira ili mvua isivuje. Adhuhuri walipumzika, wakala wali na mchuzi wa pweza. Baada ya hapo walipitisha nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, ili panya wasizitafune. Betri mpya waliiweka kwenye kabati lenye matundu, ukumbini, mbali na jiko. Mwisho walichimbia chuma ardhini kando ya nyumba, wakakiunga na waya. Kazija alieleza kwamba umeme ukipotea njia hukimbilia hapo, usimpige mtu.

Walipokuwa wakijaribu mitambo, wingu jeusi lilitokea. Tone la kwanza lilianguka. Bi Mize alikuwa jikoni, na miguu yake haikumngoja afikiri. Miaka thelathini mvua ikija yeye hukimbilia sakafuni kuokoa karafuu. Alinyakua jamvi, akapanda ngazi, na kufumba na kufumbua alikuwa anazifunika paneli.

"Bi Mize," aliita Kazija kutoka chini, akijizuia kucheka, "hizo hazivundi. Ziache zioge."

Bi Mize alibaki juu ya ngazi na jamvi lake, mvua ikimlowesha kilemba. Alicheka yeye kwanza, kisha wote. Kazija alipokwisha kufuta machozi aliwafundisha matunzo. Mvua haidhuru paneli. Wakati wa kiangazi, vumbi na mavi ya ndege yakizidi, wazioshe asubuhi na mapema kwa maji na kitambaa laini, bila ya sabuni kali na bila ya kuzikanyaga. Siku za mawingu mengi watumie taa na redio tu, televisheni ipumzike. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kile kisanduku, wapunguze matumizi. Isipozima, wampigie simu, wala wasifungue kitu wenyewe. Hapo alimtazama Mzee Pandu, na Mzee Pandu akatazama kuku.

Kisha akamwita Bi Mize, akamwambia abonyeze swichi. Chumba kikawa cheupe. Bi Mize alitia uzi kwenye sindano mara moja, bila ya kubahatisha, akaishika mbele ya macho yake kwa muda mrefu. Alisema Alhamdulillahi, akarudia.

Taa ya nne Mzee Pandu aliomba iwekwe nje, barazani, upande wa njia. Kama paneli haionekani, basi angalau mwanga wake uonekane. Kazija aliona ombi hilo ni la haki.

Miezi mitatu ikapita. Msimu wa karafuu ukafika, na mkarafuu wa Bi Mize ulizaa mpaka matawi yakainama. Mchana walichuma. Baada ya isha majirani walikusanyika barazani kuchambua karafuu, kutenganisha punje na makonyo, vile vijiti vyake, kama watu wa Pemba wafanyavyo kila msimu. Miaka yote walichambua kwa koroboi, wakipapasa na kukohoa moshi. Mwaka huu walichambua kwenye mwanga mweupe, na Bi Mwanaasha alilalamika kwamba sasa kila mtu anaona jinsi anavyochambua polepole.

Kazija alikuja siku moja msimu huo kukagua, kama alivyoandika. Alipanda paani, akapima betri, akakaza skrubu mbili. Kila kitu kilikuwa sawa. Pale sakafuni, karafuu zilikuwa zimetandazwa kwenye majamvi, nusu zimeshakuwa nyekundu. Bi Mize alimpa Kazija kofia aliyoishona, akampelekee mumewe huko kwao. Ilikuwa nyeupe, haina hata doa.

Mzee Pandu alitaka kumpa karafuu kidogo za kutia kwenye chai. Alitafuta mfuko akakosa. Aliingia ndani, akafungua ule msahafu rafuni, akatoka na karatasi moja ngumu. Aliikunja mfano wa kikombe, akaijaza karafuu mpaka juu, akamkabidhi fundi kwa mikono miwili.

Kazija aliona muhuri. Akaigeuza karatasi, akasoma: ruhusa ya kukata mti mmoja wa mkarafuu.

"Mzee, hii ni karatasi muhimu. Huihitaji tena?"

"Nishaitumia," alisema Mzee Pandu. "Hizo ni karafuu za mti wenyewe."

Bi Mize alikuwa ameinama sakafuni akizigeuza karafuu kwa mkono, lakini alisikia. Jioni ile chai ya Mzee Pandu ilikuwa na sukari vijiko vitatu.